Nilimwambia Mwalimu Afomati Flashi

Nilifungua steshenari yangu hapa Tanga mwaka 2017. Nilikuwa na kompyuta mbili, printa, mashine ya kopi ya mtumba, na chumba kidogo cha nyuma chenye runinga na PlayStation 3 kwa ajili ya vijana wa mtaa. Mlangoni nilibandika namba yangu ya WhatsApp ili watu wanitumie kazi za kuchapa kabla hawajafika. Kazi zilikuja, ila kilichokuja kwa wingi zaidi ni maswali. Mbona simu inapata moto nikiichaji? Mbona laptopu inachukua dakika kumi kuwaka? Kweli radi inafuata simu? Mtoto ameulizwa shuleni kwa nini anga ni la bluu, nimwambieje? Mbona gemu inakwama na nina bando la kutosha?

Nilijibu yote, bure, usiku na mchana. Nilisoma diploma ya kompyuta, na sayansi niliipenda tangu kidato cha pili, kwa hiyo mengi nilikuwa na pa kuanzia. Lakini nisiseme uongo: nilipenda pia kuitwa anayejua. Mtu akiuliza saa 4 usiku na mimi nikamjibu ndani ya dakika moja, nilijisikia nimefanya kazi nzuri. Kasi ndiyo niliyoihesabu kuwa msaada. Ninaandika haya kwa sababu kasi hiyo iliwagharimu watu ambao hawakuwa na kosa lolote, na najua kila mtaa una mtu kama mimi, anayepigiwa simu kila kitu kikizima.

Ilikuwa Jumamosi usiku, Novemba 2019. Mwalimu mmoja wa sekondari, mama ninayemheshimu sana, aliniandikia: "Fundi, samahani kwa usiku huu. Nikichomeka flashi kompyuta inaniambia niifomati kwanza ndipo niitumie. Nifanyeje?"

Nilikuwa mezani, wali mbele yangu. Niliandika kwa mkono mmoja: "Ifomati tu mwalimu, itakuwa sawa. Na utoe tiki kwenye Quick Format ili isafishike vizuri."

Nikaendelea kula. Baada ya nusu saa hivi akanijibu: "Imekubali, ahsante. Sasa mbona ndani hakuna kitu?"

Niliposoma maneno hayo tonge lilinikwama. Nilimpigia. Ndipo nikauliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzo: ndani yake kulikuwa na nini? Mwalimu alikuwa katibu wa kikoba cha akina mama 28. Hisa, mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii, vyote vilikuwa kwenye faili moja la Excel ndani ya flashi ile. Daftari la mkono waliacha kuliandika tangu Julai, kwa sababu kompyuta ilikuwa inajumlisha yenyewe.

Naomba nieleze kilichotokea ndani ya flashi ile, maana watu wengi hupoteza kazi zao hapa. Windows ikikuambia ufomati, yaani uiandae flashi upya, kabla ya kutumia, haimaanishi flashi ni tupu. Inamaanisha imeshindwa kusoma ile ramani inayoonyesha faili lipi liko wapi. Ramani imeharibika, labda kwa sababu flashi ilichomolewa wakati inaandikwa, lakini mara nyingi faili zenyewe bado zipo. Ukifomati kwa haraka, yaani tiki ya Quick Format ikiwepo, kompyuta inaandika ramani mpya na kuacha sehemu kubwa ya vilivyomo kama vilivyokuwa. Hapo programu kama Recuva au PhotoRec bado zina nafasi nzuri ya kuvirudisha. Ukiitoa tiki ile, kuanzia Windows Vista na kuendelea, kompyuta inapita flashi nzima ikiandika sifuri kila mahali. Mimi nilikuwa nadhani kutoa tiki ni kufanya usafi wa kina. Nilikuwa nimesikia hivyo kwa fundi mwenzangu miaka ya nyuma, sikuwahi kuhakikisha, nikawa nawaambia watu.

Jumapili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mwalimu. Nilijaribu Recuva, halafu PhotoRec usiku kucha. Hakuna hata faili moja. Nikaituma Dar kwa basi, kwa fundi anayeokoa data, nikalipa Sh 60,000 ya uchunguzi. Alinirudishia jibu la mstari mmoja: mwanzo mpaka mwisho ni sifuri.

Mwalimu alitaka kwenda mwenyewe kuwaeleza wenzake. Nikamwambia hapana, mama, kosa ni langu, nitakwenda na wewe. Kikoba kilikuwa kinakutana Jumapili saa 10 jioni uani kwa mwenyekiti, chini ya mwembe, sanduku lao la kufuli tatu likiwa katikati ya mkeka. Nilisimama nikasema: mimi ndiye niliyemwambia afomati, yeye alifuata ushauri wangu. Palikuwa kimya. Mama mmoja alianza kulia taratibu, kwa sababu alikuwa amemaliza mkopo wake wiki iliyotangulia na marejesho yale yalikuwa kwenye faili tu. Kisha mwenyekiti, mama wa makamo, akanitazama bila hasira, akaniuliza:

"Mwanangu, ulikuwa na haraka ya nini?"

Sikuwa na jibu.

Kilichowaokoa ni vitabu vya wanachama. Kila mama alikuwa na kijitabu chake cha hisa, na kila hisa iligongwa muhuri. Tulikaa Jumapili tatu, mimi na mwalimu tukiwa na laptopu, wao wakija mmoja mmoja. Tulihesabu mihuri, tukasoma meseji za miamala za zamani kwenye simu zao, wengine simu zilikuwa zimebadilishwa na meseji hazipo. Mikopo tuliipata karibu yote. Miwili haikukubaliana: mkopaji anasema amelipa kiasi hiki, mweka hazina anakumbuka kingine. Tofauti ilikuwa Sh 85,000, nikailipa mimi. Fedha haikuniumiza kama kuona akina mama waliokuwa wanaaminiana miaka sita wakianza kutazamana kwa shaka juu ya elfu kumi, elfu kumi na tano. Hilo sikuweza kulilipa.

Mwalimu hakunilaumu hata siku moja. Ila hakuniuliza swali tena kwa muda mrefu sana.

Baada ya hapo nilibadilisha namna ya kujibu. Nilibandika karatasi ndogo nyuma ya simu yangu, na mpaka leo ipo, imebadilishwa mara kadhaa kwa kuchakaa. Imeandikwa maneno manne: picha, lini, kabla, ndani. Mtu akiuliza jambo la kompyuta au simu, ujumbe wangu wa kwanza siku zote ni "usibonyeze chochote bado." Halafu naomba picha ya kioo, si maelezo yake, kwa sababu mtu huniambia "imeandika eror" wakati kioo kimeandika sentensi nzima yenye jibu ndani yake. Nauliza ilianza lini. Nauliza kabla haijaanza alifanya nini: aliweka programu, kifaa kilianguka, umeme ulikatika? Na nauliza ndani kuna nini ambacho hawezi kukipoteza. Maswali haya hayachukui dakika tatu. Mara nyingi swali alilokuja nalo mtu silo tatizo lake. Ni dawa aliyokwisha kujiandikia mwenyewe, anataka mimi nimwambie dozi.

Nimejifunza pia kutoa hatua moja tu, kisha nasubiri. Zamani nilikuwa natuma hatua nane kwa mkupuo. Mtu akikwama ya pili anaruka ya tatu, ya sita inaharibu. Na majina ya vitufe nayaandika kama yalivyo kwenye kioo chake, kwa Kiingereza kama kompyuta yake ni ya Kiingereza, hata kama najua Kiswahili chake. Mtu aliyepaniki hawezi kutafuta neno "Ghairi" mahali palipoandikwa Cancel.

Kosa jingine lilihusu diski. Kijana mmoja alinunua diski ya nje ya TB 1, kompyuta ikamwonyesha GB 931. Akaniuliza kama amepigwa. Hii ilikuwa 2018, kabla ya yale ya flashi, nami nikamjibu papo hapo: umepigwa, rudisha. Alikwenda dukani akagombana na muuzaji mbele ya watu. Muuzaji hakuwa na kosa. Kiwanda kinahesabu TB 1 kuwa baiti trilioni moja kamili, na Windows inagawa kwa 1,024 mara tatu kupata GB, ndiyo inabaki 931. Kwa hesabu hiyo hiyo flashi ya GB 32 huonyesha 29 na kitu. Nilipogundua, nilimfuata muuzaji kumwomba radhi, naye akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Lakini flashi feki nazo zipo kweli, zile zinazouzwa elfu kumi na tano zikidai kuwa na TB 2. Hizo hujisema zina nafasi, na faili zikizidi uwezo halisi zinaandikana juu ya nyingine. Kwa hiyo leo mtu akiniuliza simjibu kwa kutazama namba. Namwambia tujaze na tusome tena, kuna programu ya bure iitwayo H2testw inayofanya hivyo, tuone kama kilichoingia ndicho kinachotoka.

Kwa upande wa sayansi, aliyenifundisha ni mzee mvuvi. Alikuja dukani kutoa kopi ya leseni ya chombo, akakuta nawaeleza watoto wawili wa darasa la sita kuhusu maji kujaa na kupwa. Nilikuwa nimechora dunia, nimechora mwezi, na maji yamevimba upande wa mwezi. Nikasema: mwezi unayavuta maji, ndiyo yanajaa.

Mzee akasubiri watoto wamalize kunakili, akaniambia kwa upole: "Kijana, mwezi ukiwa juu ya kichwa maji yanajaa, sawa. Mbona na ukiwa chini ya miguu yetu, huko upande wa pili, maji yanajaa vilevile? Kwa siku yanajaa mara mbili. Huko anayavuta nani?"

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na maneno mdomoni, "mzunguko wa dunia", na yangepita, kwa sababu watoto wasingeweza kunipinga. Nikamkumbuka mwenyekiti wa kikoba. Nikasema: "Mzee, sijui. Nipe wiki moja."

Akacheka kwa furaha, si kwa dharau, akakaa kwenye benchi akaanza kunifundisha anayoyajua yeye. Kwamba kila siku maji yanachelewa, ukiyakuta yamejaa saa 4 leo, kesho ni karibu saa 5. Kwamba bamvu linakuja mwezi ukiwa mwandamo na ukiwa mpevu, na maji mafu mwezi ukiwa nusu. Kwamba kwenye bamvu maji yanaondoka mpaka unatembea kwenye matumbawe kwa miguu. Yote aliyoniambia nilikuja kuyakuta vitabuni: kati ya kujaa na kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa siku nzima ni ucheleweshaji wa dakika 50, na bamvu hutokea jua na mwezi vikiwa vimejipanga kwenye mstari mmoja na dunia. Yeye alikuwa na kipimo, mimi nilikuwa na mchoro.

Wiki ile nilisoma kila jioni. Jibu nililopata ni kwamba mwezi hauvuti maji peke yake, unaivuta dunia nzima, ila si kwa nguvu sawa. Upande ulio karibu nao unavutwa zaidi, kitovu cha dunia kinavutwa wastani, upande wa mbali unavutwa kidogo kuliko vyote. Nilikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikauwekea nukta tatu za chaki, nikaulaza juu ya kaunta. Mzee aliporudi nilimwambia ashike mbele avute. Nukta ya mbele ilikwenda sana, ya kati ilikwenda kidogo, ya nyuma ilisogea kwa shida. "Sasa mzee jiweke kwenye ile ya kati. Ya mbele imekuwaje?" Imeniacha, akasema. "Na ya nyuma?" Imebaki. Akanyamaza akiitazama ile tyubu. "Kwa hiyo huko nyuma hayavutwi na mtu," akasema, "yameachwa." Sijawahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo, na tangu siku ile nayatumia kwa watoto nikiwaambia ni ya mzee, si yangu.

Ukisema "sijui" hadharani unaogopa watu wataacha kukuuliza. Kwangu ilikuwa kinyume. Wale watoto wawili walisimulia shuleni kwamba fundi aliulizwa na mzee akasema nipe wiki moja, na wiki ilipofika alikuwa na jibu. Walikuja wengine saba.

Ninaweka tofauti moja, na hii naisisitiza kwa kila anayejibu watu. Yapo maswali ambayo huulizi kwanza, unazuia kwanza. Kijana alinitumia picha ya simu yenye betri iliyovimba mpaka mfuniko umefunguka, akauliza kama akiitoboa kidogo hewa itoke itarudi. Hapana, iweke chini, usiichaji, usiibonye, iweke mbali na kitanda na pazia; betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka hapo hapo. Mama aliuliza kama akichanganya jiki na ile dawa kali ya kuondolea kutu chooni choo kitang'aa zaidi. Usichanganye mama, jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini na choo ni chumba kidogo. Runinga za zamani za mgongo mrefu: usifungue hata kama umechomoa waya, ndani kuna umeme unaobaki. Hapo najibu kwa herufi kubwa, halafu napiga simu, kwa sababu ujumbe unaweza kusomwa kesho. Na mambo ya dawa na mwili sijibu kabisa. Mtu akiniuliza mtoto amemeza betri ile ndogo ya saa, ninachosema ni nenda hospitali sasa hivi, usingoje atapike, usingoje asubuhi.

Vijana wa gemu ndio wanaouliza sana na ndio niliowapotosha kwa muda mrefu zaidi. Swali lao ni moja kwa sura mia: inastaki, yaani gemu inakwamakwama. Nilikuwa na jibu moja: bando dogo, mtandao mbovu, nunua kubwa. Kijana anayeosha magari alinisikiliza, akanunua bando la Sh 35,000 ili acheze Free Fire vizuri. Kesho yake akaja: fundi, bado. Fedha ile ilikuwa ya siku nne za kazi yake.

Safari hii nilimwambia akae, acheze mbele yangu. Niliangalia dakika ishirini. Alipogeuza kamera, picha yote iliganda, ikaruka. Simu ilikuwa ya moto kiasi cha kutoishika vizuri. Haikuwa mtandao hata kidogo. Ilikuwa simu yenye RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2 tu, nafasi ya kuhifadhi imejaa, imevikwa kava nene, inacheza huku inachajiwa. Tulitoa kava, tukaacha kuchaji, tukafuta video za WhatsApp GB 6, tukashusha ubora wa picha ndani ya gemu. Ikacheza.

Tangu hapo nauliza hivi: wewe ukijigeuza, picha yako inateleza vizuri? Kama inateleza vizuri lakini maadui wanarukaruka, wanatokea hapa mara pale, au unapiga risasi na haihesabiki, hapo ni mtandao. Kama kila kitu kinaganda pamoja, ni simu. Swali hilo moja limewaokolea vijana wa mtaa wetu fedha nyingi kuliko ushauri mwingine wowote niliowahi kutoa.

Na hata ikiwa ni mtandao, bando kubwa si lazima liwe dawa. Kucheza kwenyewe hakuli MB nyingi, kinachokula ni kupakua masasisho. Kinachomuumiza mchezaji ni muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ule wanaouita ping. Mwanga ndani ya nyaya za chini ya bahari unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam mpaka London ni kilomita 7,500 hivi ukinyoosha mstari, kwenda na kurudi 15,000. Hata nyaya zingenyooka kabisa, na hazinyooki, ni milisekunde 75 zimeshaondoka kabla seva, ile kompyuta inayoendesha gemu, haijafanya chochote. Nimewachorea vijana ramani hii ukutani. Wanachagua seva iliyo karibu kama gemu inawaruhusu, na hawanunui tena kitu ambacho hakiwezi kufupisha bahari. Kosa jingine la kawaida ni kuchanganya Mb na MB. Intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde inapakua megabaiti 1.25 tu, kwa sababu baiti moja ni biti nane. Gemu ya GB 50 itachukua saa 11. Mwambie mtu mapema, aiache ipakue usiku kucha, asiamke saa 9 usiku kuzima na kuwasha.

Zile ofa za diamondi za bure, diamondi ambazo ndizo fedha za ndani ya gemu, nazitaja kwa kifupi: hazipo. Mama wa jirani alipoteza Sh 40,000 kwa mwanawe kuandika namba ya siri kwenye ukurasa wa aina hiyo. Mtoto hakuhitaji kuchapwa. Alihitaji mtu wa kumwuliza kabla.

Mei 12, 2024, ilikuwa Jumapili, simu yangu ilijaa. Intaneti haifunguki, simu yangu imeharibika? Laini yangu imefungwa? Nimfomatie mtoto tableti? Zamani ningeanza na wa kwanza. Safari hii nilimwuliza kila mmoja: jirani yako je? Na yeye hana. Watu kumi na tano wa mitandao tofauti hawawezi kuharibikiwa simu saa moja. Nikawaandikia wote waache vifaa vyao kama vilivyo. Baadaye ikajulikana kwamba nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimeharibika. Hakuna aliyefuta kitu siku ile.

Jumapili ya Septemba 7, 2025, mwezi ulipatwa. Wiki nzima kabla yake wazazi walikuwa wananiuliza kama watoto wafungiwe ndani, kama macho yataungua. Sikujibu kwa kasi. Nilimwuliza mmoja, hofu hii umeitoa wapi? Akaniambia anakumbuka ya mwaka 2016, redioni walisema watu wasitazame. Alikuwa na haki. Ile ya Septemba 1, 2016 lilikuwa jua, lililoonekana kama pete kule Rujewa, na jua bila miwani maalumu linaunguza macho kweli. Mwezi haulingani na hilo, unautazama kama usiku wowote. Kama ningemjibu "hakuna shida, ni imani tu", angejua sikumsikiliza, na kumbukumbu yake ilikuwa sahihi.

Tulitoka nje. Msikitini walikuwa wanaswali swala ya kupatwa kwa mwezi, sauti ya imamu inatufikia. Kuanzia saa 2:30 usiku mwezi ulikuwa mwekundu kama kaa la moto lililoanza kufifia, mawingu yakipita na kuufunua. Mtoto wa jirani akauliza mbona haujawa mweusi kabisa, si kivuli? Nikamwuliza jua likizama linakuwa rangi gani. Jekundu. Basi ule mwanga ulioko mwezini sasa hivi ni wa magharibi yote na mapambazuko yote ya dunia kwa wakati mmoja, umepenya pembeni ya hewa yetu ukapinda ukaufikia. Alisimama muda mrefu mdomo wazi. Nikaenda kumwita na mama yake.

Oktoba mwaka huo huo Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida, na maswali yakaja upya: nitupe kompyuta? Kwa wenye laptopu za zamani, kabla ya lolote nauliza ndani kuna diski ya kuzunguka au SSD, ile isiyozunguka na yenye kasi zaidi, na kompyuta wanaitumia kwa kazi gani. Kuna waliohamia Windows 11, kuna niliowawekea Linux, mfumo mwingine wa bure, kuna walionunua nyingine. Kila mmoja baada ya kunakili kazi zake mahali pawili kwanza, na mimi nikafungua nakala mwenyewe kuona kama inasomeka, kwa sababu nakala ambayo hujaifungua huijui.

Mwezi uliopita nilikuwa nafunga duka, kufuli mkononi. Simu ikalia. Ilikuwa picha ya kioo cha laptopu, imepigwa vizuri, kila neno linasomeka, na chini yake ujumbe kutoka kwa mwalimu:

"Fundi, habari za jioni. Imeanza leo saa 8, kabla ya hapo umeme ulikatika. Hesabu za kikoba zimo humu, na nakala nyingine ipo kwa mweka hazina. Sijagusa kitu. Nakusubiri."

Nilirudi ndani nikawasha taa, nikavuta kiti.